kVA, wati na mwinuko wa Kampala: namba ipi ya jenereta ndiyo unayoinunua?

Tangu mkataba wa kampuni ya Umeme ulipofika kikomo Machi 31, 2025, na UEDCL ikapokea kazi ya kusambaza umeme siku iliyofuata, swali moja halijatoka midomoni mwa watu: bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024, uwezo wa kuzalisha umeme nchini ni mkubwa kuliko matumizi, sasa giza linatoka wapi? Linatoka njiani. Kuzalisha umeme ni kazi moja, kuufikisha nyumbani ni nyingine. Umeme wa Karuma, Bujagali na Isimba lazima upite kwenye nguzo, nyaya na transfoma ya mtaani kwenu. Transfoma iliyowekwa kwa ajili ya nyumba chache ikibebeshwa mtaa mzima uliojengwa baadaye, huungua hata kama bwawa limejaa pomoni.

Ndiyo maana watu wa Kira, Najjera na Namugongo bado wanaenda mjini kununua jenereta ya petroli. Huko dukani ndiko mkanganyiko wa pili unapoanzia. Moja imeandikwa 950, nyingine 2.8 kW, ya tatu 6.5 kVA, na ile ya 6.5 ina bei sawa na ya 2.8. Mnunuzi hufurahi kwa kuokota dodo chini ya mwarobaini, kumbe amenunua kibandiko.

Tuanze na maneno yenyewe. Wati ni kiasi cha kazi ambacho umeme unafanya kwa wakati huo: balbu ya LED hula wati 9, televisheni ya inchi 32 kama wati 80, birika la umeme, lile ambalo Kampala tunaliita pakoleta, hula wati 2,000. Wati 1,000 ni kilowati moja, yaani kW. kVA ni jamaa yake wa karibu, lakini si kitu kimoja. Fikiria mkungu wa matoke. Unaubeba mzima kutoka sokoni, na maganda yake na shina lake, lakini kinachoingia sufuriani ni ndizi zilizomenywa tu. kVA ni mkungu mzima, kW ni ndizi zilizomenywa. Kwa baadhi ya jenereta ndogo za nyumbani namba hizo mbili hulingana, kwa nyingine hazilingani. Kama kibandiko kimeandikwa kVA peke yake, zidisha kwa 0.8 ili usijidanganye: 3 kVA ihesabu kuwa 2.4 kW.

Halafu kuna namba mbili za kW. Moja ni nguvu ya juu kabisa, ambayo mashine huweza kuitoa kwa muda mfupi sana kabla ya kuanza kuteseka. Nyingine ni nguvu ya kawaida, inayoweza kutolewa saa baada ya saa. Muuzaji huitaja ya kwanza, wewe ulizia ya pili. Kwa kawaida ya pili iko chini ya ya kwanza kwa takriban asilimia 10. Jenereta iliyoandikwa "2.8" kwa herufi kubwa kwenye tangi mara nyingi ni 2.5 kwenye kibati kidogo kilichopigwa ribiti karibu na soketi. Soma kibati. Maandishi ya kwenye tangi hayana kazi.

Tena kuna jina la modeli, ambalo si kipimo chochote. Mfano mzuri ni zile jenereta ndogo za kubebwa kwa mkono mmoja zinazoitwa 950. Wengi huamini zinatoa wati 950. Kiwango chake cha kawaida ni wati 650.

Injini haidanganyi

Kama huamini kibati, tazama ukubwa wa injini kwa sisi (cc, yaani sentimita za ujazo). Injini haiwezi kutoa nguvu isiyokuwa nayo. Nguvu ya farasi moja ni wati 746 za kuzungusha, na sehemu yake hupotea kabla haijawa umeme. Tena injini haifai kukamuliwa hadi tone la mwisho. Mafundi hukadiria nguvu ya farasi mbili kwa kila kilowati moja. Kwa hiyo injini ya sisi 160 hutoa kama 2 kW, ya sisi 200 hadi 212 hutoa 2.5 hadi 2.8 kW, na ukitaka 5 kW halisi lazima uone sisi 390 au zaidi. Ukikutana na injini ya sisi 210, yenye nguvu ya farasi 7, imebandikwa 6.5 kVA, fanya hesabu hapo hapo dukani: 7 mara 746 ni wati 5,222, hata kama hakuna kinachopotea njiani. Na 6.5 kVA, ukizidisha kwa 0.8, ni wati 5,200, yaani karibu zote hizo zigeuke umeme bila kupotea hata kidogo. Hiyo 6.5 itoke wapi?

Uzito nao ni shahidi. Jenereta ya 2.5 hadi 3 kW yenye koili za shaba huwa na kilo 40 hadi 45. Ukiinyanyua peke yako kwa urahisi, uliza koili zake ni za nini. Nyingi za bei rahisi zina nyaya za alumini zilizopakwa rangi ya shaba. Alumini si sumu, nayo hufanya kazi, ila koili zake hupata joto haraka zaidi mzigo ukiwa mkubwa, na zikiungua si rahisi kumpata fundi wa kuzisuka upya.

Mwinuko, jambo ambalo dukani halitajwi

Wanariadha wetu hufanyia mazoezi Kapchorwa kwa sababu hewa ya huko juu ni nyepesi, na mapafu hulazimika kufanya kazi zaidi. Injini ya petroli nayo inapumua. Kila unapopanda mita 300 kutoka usawa wa bahari, hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu zake. Namba za kwenye kibati zimepimwa kwa hali ya usawa wa bahari. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, kwa hiyo asilimia 14 imekwisha kabla hujavuta kamba. Kabale, kwenye mita 2,000, unapoteza kama asilimia 23.

Kwa hesabu nyepesi: Kampala, Entebbe au Mbale zidisha kW ya kawaida kwa 0.86, Kabale zidisha kwa 0.77. Jenereta ya 2.5 kW inakuwa 2.15 Kampala na 1.9 Kabale. Watu wengi hudhani wameuziwa feki, kumbe mashine ni nzima, ni hewa tu.

Mzigo wa kuamka

Hapa ndipo ununuzi mwingi unapoharibikia. Taksi ya abiria 14 ikizimika kwenye matope, watu wanne husukuma wakitoa jasho mpaka magurudumu yaanze kuzunguka. Ikishaanza, mmoja anatosha. Mota ya umeme iko hivyo hivyo. Friji ya lita 200 inakula wati 150 ikiwa inaendelea, lakini sekunde kompresa inapoamka huweza kudai wati 800. Pampu ya maji ya nusu nguvu ya farasi huandikwa wati 370, ikivuta hula kama 550, na inapoamka hudai 1,800 au hata zaidi. Kwa hiyo jumla ya mizigo peke yake haitoshi. Unajumlisha mizigo yote inayoendelea, kisha ile mota moja kubwa kuliko zote unaihesabu kwa nguvu ya kuamka.

Chukua nyumba ya kawaida ya Kira. Taa nane za wati 9 ni 72. Televisheni 80, dikoda 20, ruta ya intaneti 10, kompyuta mpakato mbili 130, simu nne 40. Hapo tuna 352. Ongeza friji 150, inakuwa 502. Ongeza pampu ya kupandisha maji kwenye tangi: 550, jumla 1,052. Mtu akiona 1,052 atasema jenereta ya 1.5 kW inatosha na kubaki. Lakini pampu ikiamka friji ikiwa inaendelea, ni 502 jumlisha 1,800, yaani 2,302. Gawanya kwa 0.86 kwa ajili ya mwinuko wa Kampala: 2,677. Nyumba hii inahitaji jenereta ya karibu 2.7 kW za kawaida.

Sasa toa pampu. Amua kwamba tangi litajazwa umeme wa UEDCL ukiwepo, na jenereta haitaigusa. Mzigo mkubwa wa kuamka unabaki friji: 352 jumlisha 800 ni 1,152, gawanya kwa 0.86 ni 1,340. Jenereta ya 1.5 kW inatosha. Uamuzi mmoja kuhusu pampu umepunguza mashine karibu nusu. Fanya hesabu hii kwa nyumba yako kwa karatasi na kalamu kabla ya kwenda mjini. Saa moja ya hesabu itakuokolea mamia ya maelfu ya shilingi.

Pakoleta, pasi na jiko la koili havina mzigo wa kuamka, ila ni vilafi: wati 1,200 hadi 2,000 kila kimoja. Hita ya papo hapo ya bafuni hufika 3,500 na kuendelea. Usivihesabu, na usivichomeke. Umeme ukikatika, chai ichemke kwenye sigiri au gesi.

Kubwa si bora

Imani iliyozagaa ni kwamba ukinunua kubwa utakuwa salama na mashine haitachoka. Kwa petroli, hasara yake inaonekana kila jioni. Jenereta ya kawaida lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika muda wote, kwa sababu kasi hiyo ndiyo inayotoa hezi 50 za umeme wetu, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Hata kama umewasha taa tatu tu, injini inakimbia vile vile. Ya 2.8 kW ikibeba 1.3 kW hunywa kama lita 1.2 kwa saa. Ikibeba wati 350 tu, haishuki hadi robo, bado hunywa kama lita 0.8.

Tuseme petroli ni shilingi 5,000 kwa lita. Mzigo wa 1.3 kW unakugharimu kama shilingi 4,600 kwa uniti moja, yaani kilowati moja kwa saa moja. Mzigo wa wati 350 kwa saa nne ni lita 3.2, shilingi 16,000 kwa uniti 1.4, yaani zaidi ya shilingi 11,000 kwa uniti. Uniti ya nyumbani ya Yaka, umeme wa gridi unaolipiwa kabla, haifiki hata 1,000. Kwa hiyo nunua ile inayotosha hesabu yako na nafasi kidogo ya ziada, basi.

Kuna aina ya pili, jenereta za inveta. Hizi hutengeneza umeme, huubadilisha, kisha huutoa upya ukiwa umenyooka kwa njia ya vifaa vya elektroniki, na hivyo injini huweza kupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo. Kwa wati 350 zinaweza kunywa lita 0.4 tu kwa saa, na kelele zake ni ndogo sana. Bei yake ni kubwa, mara nyingi maradufu. Kama utaiwasha jioni nyingi kwa mzigo mwepesi, tofauti hiyo hujirudisha kwenye petroli. Kama ni mara mbili kwa mwezi, ya kawaida inatosha, mradi iwe na AVR, kifaa kinachoshikilia volti zisipande na kushuka ovyo. Zile ndogo za 950 hazina AVR, hutegemea kapasita tu. Taa na simu zitavumilia, friji na kompyuta usizitie humo. Na kama hesabu yako imeishia kwenye taa, ruta na televisheni bila friji kabisa, ulizia kwanza betri na inveta ya ukutani. Huenda huhitaji petroli hata kidogo.

Onyo kwa wanaopenda mitumba. Jenereta iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutoa volti 120 na hezi 60, ya Japani volti 100. Sisi ni volti 240, hezi 50, plagi ya miguu mitatu bapa. Usikubali fundi akuambie atakaza skrubu ya mwendo ili volti zipande. Volti zikipanda kwa njia hiyo, hezi nazo hupanda, injini hukimbia kupita kipimo chake, na kinacholipa gharama ni mota ya friji yako.

Ijaribu kabla ya kulipa

Nenda dukani na pakoleta yako. Usione haya. Pakoleta ya wati 2,000 ndicho kipimo cha mzigo cha bei rahisi kuliko vyote, na jenereta inayojiita 2.5 kW lazima iibebe Kampala bila kulalamika. Hakikisha oili imewekwa, maana jenereta mpya husafirishwa bila oili. Ya sisi 200 huchukua lita 0.6 ya SAE 10W-30, na hupimwa ikiwa imesimama sakafu iliyo sawa. Iwashe, ipashe moto dakika tatu, pima volti bila mzigo, kisha washa pakoleta. Mlio utazama kidogo na kurudi sawa ndani ya sekunde mbili hivi. Volti zibaki kati ya 220 na 240, hezi zisishuke chini ya 49. Kama zinaporomoka hadi 190, au injini inapandisha na kushusha mlio kama mtu mwenye pumu, iache. Moshi wa buluu ukiendelea baada ya dakika chache ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa.

Ukinunua ile ndogo ya 950, fahamu kwamba haina sehemu ya oili. Oili ya 2T huchanganywa na petroli: mililita 20 kwa lita moja, 100 kwa lita tano. Anayetia petroli tupu huua pistoni, wakati mwingine siku ile ile ya kwanza.

Mahali pa kuiweka, na waya unaoua

Sababu ya watu kuweka jenereta korido, jikoni au kwenye kibaraza kilichofungwa inaeleweka: wezi na mvua. Lakini moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na hii huua familia nzima usingizini. Dirisha kuachwa wazi hakusaidii, maana gesi hujaa chumbani haraka kuliko inavyotoka. Iwe nje, angalau mita 6 kutoka mlango na dirisha lolote, likiwemo la jirani, na bomba la moshi lielekee kusiko na watu. Kwa wanaoishi kwenye mizigo, vyumba vile vya kupanga vilivyopangana mstari mmoja, kama hakuna mita hizo, hakuna mahali pa jenereta hapo. Kwa wezi, wachomeleaji wa Katwe wanaweza kukutengenezea tundu la nondo lenye paa la bati na pande zote wazi. Lisimamishwe juu ya saruji na jenereta ifungwe kwa mnyororo.

Dalili za gesi hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na mwili kulegea. Kwetu mtu husema ni malaria na kwenda kulala. Wawili au watatu wakiumwa kichwa kwa pamoja jenereta ikiwa inanguruma, na wakapata nafuu wakitoka nje, huo ni moshi. Toeni kila mtu nje, zimeni mashine, na nendeni hospitali.

Hatari ya pili ni ule waya wenye plagi za kiume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme huo hauishii sebuleni. Swichi kuu ikisahaulika imewashwa, unarudi hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haijui kwamba umetoka kwako. Inaupandisha hadi volti 11,000, na fundi wa UEDCL aliye juu ya nguzo akiamini waya umekufa anaushika. Na umeme wa gridi ukirudi ghafla, unakutana na jenereta yako na kuichoma. Njia sahihi ni swichi ya chenji-ova yenye nafasi tatu: gridi, sifuri, jenereta. Haiwezekani kuwa pande mbili kwa wakati mmoja. Iwekwe baada ya mita, na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme, pamoja na fimbo ya ethi ya kupeleka umeme ardhini. Hapo hofu nyingine nayo inakwisha, kwamba jenereta hula Yaka: umeme wa jenereta haupiti kwenye mita, hivyo uniti zako hazipungui.

Asiye na uwezo wa chenji-ova kwa sasa atumie kebo ya kurefusha moja kwa moja hadi kwenye friji na televisheni. Iwe ya milimita za mraba 2.5 kama inazidi mita 10, na kama ni ya kuviringishwa ifunguliwe yote, kwa sababu iliyojiviringa hupata joto hadi kuyeyuka.

Kuitunza na kuizima

Oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 50 hadi 100. Ukiacha lile jaribio fupi la dukani, saa hizo 20 za mwanzo usiipe zaidi ya nusu ya mzigo. Vumbi la barabara za vitongoji ni jekundu na laini, kwa hiyo osha sponji ya chujio la hewa kila mwezi, ikaushe, uipake oili kidogo. Ugonjwa unaoleta jenereta nyingi kwa mafundi ni petroli iliyolala: baada ya miezi miwili hivi huacha utando wa gundi kwenye tundu dogo la kabureta, na mashine hukataa kuwaka siku ile unayoihitaji. Iwashe dakika 20 kila mwezi ikiwa na mzigo, hata kama giza halijaingia.

Petroli usiongeze injini ikiwa ya moto. Zima, subiri dakika 15. Wala usiiache iishiwe petroli huku friji ikivuta, kwani volti huanguka taratibu, mota huteseka, na oltaneta, sehemu inayozalisha umeme, huweza kupoteza usumaku wake, ikawa injini inawaka lakini soketi haina kitu.

Umeme wa gridi ukirudi, usikimbilie swichi. Subiri dakika tano uone kama umetulia. Zima friji kwanza, kisha vifaa vingine kimoja kimoja, zungusha chenji-ova hadi sifuri, halafu gridi. Iache jenereta inguruma dakika mbili au tatu bila mzigo ili ipoe. Kisha, badala ya kubonyeza swichi ya kuizima, funga koki ya petroli na uiache inywe kilichobaki kwenye kabureta mpaka ijizime yenyewe.